Kuruka miaka 40 si ruhusa



Katika kila atelie kuna neno moja ambalo watu wanapenda kulisema wakati mukaguzi anauliza juu ya kitu kilichobadilishwa zamani: «Iko vile tangu zamani, na haijaumiza mutu.» Utalisikia kwa wenye kamyo, kwa wenye pampu, kwa wenye winchi. Utalisikia vilevile kwa watu wenye ndege ndogo za zamani. Kwao ubaya wa neno hilo unaonekana wazi kuliko mahali pengine, kwa sababu ndege haina namna ya kusimama kando ya barabara wakati kitu kimevunjika. Ndiyo maana leo ukurasa wetu wa usalama unasafiri mpaka Marekani, inchi yenye ndege ndogo nyingi sana, na ambapo sheria ya mambo haya imeandikwa mustari kwa mustari.

Chukua ndege inayoitwa Piper J-3 Cub. Ilitengenezwa Lock Haven, katika jimbo la Pennsylvania, mpaka mwaka 1947, na zilitoka karibu 20.000. Ni ndege nyepesi sana: mifupa ya bomba za chuma zilizochomelewa, kitambaa kilichofunikwa juu yake, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na motere ya nguvu ya farasi 65. Haina batri wala kianzishi. Mutu anashika elisi kwa mukono, anaizungusha, motere inawaka. Nyingi za ndege hizo zinaruka mpaka leo. Zimepita katika mikono ya watu watano, kumi, pengine zaidi. Na kila mutu aliacha kitu chake. Mumoja aliona kuzungusha elisi ni hatari (na ni kweli, elisi imekata watu wengi), akatia kianzishi na batri. Mwingine aliona motere ni dhaifu, akaweka ya nguvu 85. Mwingine alibadilisha magurudumu na breki, akatia redio, akachomelea kipande cha chuma kwa kufunga mukanda wa mabega. Mawazo yao hayakuwa mabaya. Mukanda wa mabega unaokoa maisha. Lakini unapofungua buku la ndege, hakuna hata neno moja juu ya kazi hizo. Nani aliifanya, mwaka gani, kwa chuma cha namna gani, kwa hesabu gani? Kimya.

Sasa angalia sheria inasema nini. Kila aina ya ndege iliyotengenezwa kiwandani ilipimwa na serikali kabla ya kuuzwa, ikapewa cheti cha aina yake. Katika cheti kile imeandikwa motere ipi, elisi ipi, uzito wa mwisho ni kilo ngapi, na kituo cha uzito kinaruhusiwa kusogea kutoka wapi mpaka wapi. Ndege inahesabiwa kuwa halali kuruka ikiwa mambo mawili yametimia pamoja: inafanana na cheti chake, au na badiliko ambalo lilipata kibali, tena iko katika hali ya kuruka bila hatari. Mambo hayo ni mawili, si moja. Ndege inaweza kuwa nzima kabisa na isiwe halali.

Badiliko dogo linaandikwa tu katika buku la ndege na fundi mwenye leseni, anatia tarehe, saini na namba yake. Badiliko kubwa, maana yake lile linaloweza kugusa nguvu ya mifupa, uzito, motere, usukani au namna ndege inavyoruka, linaandikwa katika karatasi ya pekee, Fomu 337. Karatasi hiyo inatengenezwa mara mbili: moja inabaki kwa mwenye ndege, nyingine inatumwa kwa shirika la serikali linalosimamia ndege, yaani FAA, na inawekwa katika faili ya ndege ile pale Oklahoma City. Tena inapaswa kutumwa kwa saa 48 baada ya ndege kurudishwa kazini. Saa 48! Wenye sheria walijua tabia ya watu: kitu kisichotumwa leo hakitumwi kesho.

Na kweli hakikutumwa. Fundi wa shamba alifanya kazi nzuri, akasahau posta. Muzee mwenye ndege alikufa, na watoto wakatupa sanduku la karatasi wakifikiri ni takataka. Hangari iliungua. Na wakati mwingine, tuseme ukweli, mutu alijua vizuri kwamba badiliko lake halitakubaliwa, ndiyo maana hakuandika kitu. Kwa macho hizo ndege zinafanana. Huwezi kutazama kipande cha chuma kilichopakwa rangi na kujua kama aliyekichomelea alikuwa fundi bora au muharibifu.

Jambo linatokea siku ya ukaguzi wa mwaka. Ndege ya namna hii lazima ikaguliwe kila miezi 12 na fundi mwenye ruhusa ya pekee ya ukaguzi. Miaka kumi fundi yule wa kijiji, rafiki ya mwenye ndege, alitia saini bila neno. Sasa ndege imeuzwa. Fundi mupya anafungua, anasoma cheti cha aina, anatazama batri nyuma ya kiti, anauliza: «Karatasi yake iko wapi?» Mwenye ndege anakasirika. Anasema fundi huyu anatafuta feza. Anasema ndege imeruka miaka 40 na batri ile. Anatafuta fundi mwingine mwenye macho mapole.

Mimi nasema fundi yule mupya ndiye rafiki, na nitaeleza sababu, maana sipendi kumwambia mutu «sheria ni sheria» na kumwacha hapo.

Miaka 40 ya kuruka inapima nini? Inapima tu yale yaliyofanyika katika miaka ile. Kama muzee aliyetia batri alikuwa mutu mwembamba, akiruka peke yake asubuhi na baridi, juu ya uwanja murefu wa majani, basi miaka 40 imetuonyesha kwamba ndege ile inamubeba mutu mwembamba asubuhi. Haikutuambia kitu juu ya mununuzi mupya mwenye kilo 105, anayemuchukua shemeji yake saa saba ya muchana, wakati jua limefanya hewa kuwa nyepesi na mabawa hayapati nguvu kama asubuhi.

Tufanye hesabu, kila fundi anaweza kuifuata. J-3 Cub tupu ina uzito karibu kilo 345. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni karibu kilo 553. Basi kwa petroli na watu inabaki kilo 208. Tangi lake la litre 45 likijaa linakula kilo 32 hivi. Inabaki 176 kwa watu wawili: hapo tu tayari watu wawili wanene hawawezi. Sasa tuseme kianzishi, batri, dinamo, redio na waya zake pamoja ni kilo 25. Inabaki 151. Kama hakuna aliyeandika zile kilo 25, piloti atasoma katika buku lake kwamba ana 176, atapakia 176, na ndege itakuwa imepita uzito wake bila yeye kujua. Buku lenyewe linamudanganya.

Ubaya wa pili ni mahali pa kitu, mbali na uzito wake. Weka batri ya kilo 9 nyuma, meta 2 kutoka kituo cha uzito, katika ndege ambayo pamoja na piloti wake ilikuwa kilo 450. Tisa mara mbili ni 18. Gawanya kwa 459. Kituo cha uzito kimerudi nyuma karibu sentimita 4. Mutu wa chini atacheka: sentimita 4! Lakini ndege ndogo inaruhusiwa nafasi fupi tu, na katika Cub, piloti aliye peke yake anakaa kiti cha nyuma. Kituo cha uzito kikirudi nyuma sana, pua inapenda kupanda, ndege inapoteza mwendo, inaanguka kwa bawa moja na kuzunguka, na usukani wa mukia hauna tena nguvu ya kuirudisha pua chini. Piloti anasukuma fimbo mpaka mwisho na hakuna jibu. Hakuna kitu kilichovunjika. Kila nati iko mahali pake. Ni batri tu, nzuri, mpya, iliyowekwa mahali ambapo palikuwa na nafasi.

Kuna kitambaa pia. Cub ilifunikwa zamani na pamba. Leo karibu wote wanatumia kitambaa cha poliesta, kinachodumu zaidi, na kuna watengenezaji waliopata kibali kwa kitambaa chao pamoja na gundi yao na rangi yao, hatua kwa hatua. Mutu akichukua kitambaa cha huyu, gundi ya yule, na rangi ya duka la kupaka nyumba, hana tena kibali cha mutu yeyote, hata kama kila kitu peke yake ni kizuri. Mambo hayo yanawakasirisha watu sana. Lakini rangi nene juu ya mabawa na mukia ni kilo ambazo hakuna aliyezipima, na vipande vya mukia vinavyokuwa vizito nyuma ya bawaba yao vinaweza kuanza kutetemeka kwa mwendo mukubwa. Mutetemo wa namna hiyo unaweza kung'oa kipande kwa muda mufupi sana.

Hapa ndipo inafaa kukumbuka aksida ya Reno, katika jimbo la Nevada, tarehe 16 septemba 2011. Ndege ile haikuwa Cub. Ilikuwa P-51 ya vita ya pili ya dunia, iliyobadilishwa sana kwa mashindano ya mwendo, tena ilikuwa na cheti cha majaribio, ambacho kina sheria zake mbali na zile za ndege ya kiwanda. Basi siilinganishi kwa kila jambo. Lakini sikiliza. Ikiruka zaidi ya kilometa 800 kwa saa mbele ya watazamaji, kipande kidogo cha mukia upande wa kushoto, kile kinachosaidia kusawazisha pua, kilitetemeka na kuvunjika. Ndege ilirushwa juu kwa nguvu zaidi ya mara 17 ya uzito wake, kisha ikaanguka kati ya watu. Piloti alikufa pamoja na watazamaji 10, na zaidi ya 60 waliumia. Wachunguzi wa serikali wa ajali za usafiri, NTSB, walikuta kwamba nati za kujifunga zilizoshika kipande kile zilikuwa zimechakaa ndani, misumari ya parafujo ikalegea, na mumoja ulikuwa umekwisha kuanza kupasuka kabla ya siku ile. Na katika ripoti ya mwaka 2012 waliandika kwamba mabadiliko makubwa ambayo hayakuandikwa na hayakujaribiwa yalisaidia kuleta ajali.

Hayakuandikwa na hayakujaribiwa: maneno hayo mawili yanakaa pamoja, na si kwa bahati. Kitu kinachoandikwa kinamulazimisha mwandikaji kufikiri: uzito gani, nguvu gani, nani atajaribu, kwa mwendo gani. Asiyeandika anaweza kuruka maswali yale yote bila kujua kwamba ameyaruka.

Basi, mwenye Cub yetu afanye nini na batri yake isiyo na karatasi?

Kwanza niseme asifanye nini. Asimwombe fundi maskini atie saini ya tarehe ya zamani. Jambo hilo linafanyika, na linafanyika kwa tabasamu: «Wewe andika tu, kila mutu anajua iko sawa.» Sheria ya Marekani inakataza kabisa kuandika uongo katika buku la ndege, na fundi anayeshikwa anaweza kunyang'anywa leseni yake, maana yake mukate wa watoto wake. Lakini hata asiposhikwa, angalia nini kimefanyika. Zamani kulikuwa na shimo katika buku, na fundi mwenye akili akiona shimo anauliza. Sasa shimo limezibwa na uongo. Fundi atakayekuja kesho atasoma, ataamini, hatafungua. Kwangu mimi karatasi ya uongo ni mbaya kuliko kukosa karatasi.

Njia ya kweli inaanza kwa kutafuta. Mwenye ndege anaweza kuagiza faili nzima ya ndege yake kutoka Oklahoma City, na bei yake ni ndogo. Mara nyingi wanakuta kule kitu ambacho hawakufikiri: Fomu 337 ya mwaka 1952, na saini juu yake. Tena kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui: fomu za zamani, za kabla ya tarehe 1 oktoba 1955, zinakubaliwa kuwa msingi wa kibali. Karatasi ya manjano ya wakati ule inaweza kumaliza ugomvi wa leo. Kwa hiyo kabla ya kulia, tafuta. Uliza wenye ndege wa zamani kama wako hai. Uliza chama cha wenye ndege za aina ile. Wengine wana sanduku zima la fomu za ndege za wenzao, na mufano uliokwisha kukubaliwa kwa ndege nyingine unasaidia kuomba kwa ndege yako, ingawa peke yake haitoshi.

Kama hakuna kitu, fundi anaamua kwanza kama badiliko ni dogo ao kubwa. Hapa kuna uongo mwingine unaojificha, wa kuita kila kitu kidogo. Sheria ina orodha, na mutu asome orodha ile kwa moyo safi, si kama mutu anayetafuta mulango wa nyuma.

Likiwa kubwa, pengine kuna mutu aliyekwisha kufanya kazi ya kupima na akapewa cheti cha nyongeza kwa badiliko lile. Kwa Cub na motere ya 85, kwa mufano, njia hiyo iko. Mwenye ndege ananunua michoro pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuitumia, fundi anaweka kila kitu sawasawa na michoro, wanaandika fomu, kazi imekwisha. Lakini sawasawa na michoro, si karibu sawasawa! Kama muzee wa zamani alitumia bolti nyembamba kuliko zile za muchoro, bolti zinatoka. Tena fundi lazima atazame kama badiliko hili linapatana na mengine yaliyo katika ndege. Motere nzito ina kibali chake, magurudumu makubwa yana kibali chao, na wote wawili pamoja hawajajaribiwa na mutu. Vibali viwili havifanyi kibali cha tatu.

Kama hakuna cheti cha nyongeza, inabaki kumwomba mukaguzi wa serikali wa mahali pale atoe kibali kwa ndege hiyo moja tu. Mwenye ndege analeta michoro, hesabu ya nguvu, hesabu ya uzito, picha, na mufano wa ndege nyingine. Mukaguzi anaweza kukubali, anaweza kuomba hesabu ya injinia aliyepewa mamlaka, anaweza kukataa. Si haki ya mwenye ndege kupewa, ni ombi. Ndiyo maana wenye akili wanakwenda kumwona mapema, na mikono wazi, kabla ya kutumia feza.

Na hapa kuna shida kubwa ya kitu kilichokwisha kufanyika. Kibali kinaombwa kwa kawaida mbele ya kazi, si nyuma yake. Kazi ya leo mukaguzi anaweza kuitazama hatua kwa hatua. Kazi ya muzee aliyekufa imefunikwa na kitambaa. Chuma ni cha namna gani? Kuchomelea kulipenya ndani ao kulikaa juu tu kama nta? Kuna kutu ndani ya bomba? Hakuna mutu anayeweza kujibu bila kukata kitambaa na kutazama. Kwa hiyo usimwombe fundi atie saini juu ya kitu alichokisikia. Anayetia saini leo anabeba kazi ile kama vile aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, na mukono wa muzee umekuwa mukono wake. Ana haki ya kusema: tukate hapa, nione. Kama mwenye ndege anakataa kukata kitambaa cha thamani, basi amekwisha kujibu mwenyewe: kitoke, ndege irudi sawasawa na cheti chake.

Kutoa! Neno hilo linawauma. Lakini mara nyingi ndiyo njia fupi na rahisi kuliko zote. Batri inatoka, kianzishi kinatoka, uzito unapungua, na Cub inawashwa tena kwa mukono kama siku ilipozaliwa, magurudumu yamezuiwa vizuri na mutu anayejua yuko kwenye fimbo ya petroli.

Nimewasema sana wenye ndege. Sasa niseme neno kwa upande mwingine, maana ukurasa huu si wa kusifu biro. Kuna wakaguzi wanaokataa kila ombi kwa sababu kukataa hakuwaletei taabu. Mutu anakuja kwa moyo mwema kusema: «Nilinunua ndege, nimekuta kitu, nisaidieni,» na anajibiwa kwa mukono wa kumufukuza, ao anapewa maneno mengine katika biro hii na mengine katika biro ile. Wenye ndege wa Marekani wamelalamika juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na hawakukosea. Kwa usalama hiyo ni sumu. Mutu aliyefukuzwa hatoi kile kitu. Anafunga kifuniko, ananyamaza, na anawafundisha wenzake kunyamaza. Sisi wa mashini tunajua vizuri: pale ambapo anayesema hatari anatendewa kama muhalifu, hatari hazipungui, zinahama tu kutoka kwenye karatasi na kwenda kujificha.

Serikali ile yenyewe imeanza kuliona. Mwaka 2022 FAA ilifungua njia moja kwa ndege ndogo za zamani, zile za vyeti vya kabla ya mwaka 1980, kusudi kipande kisicho na hatari kubwa, ambacho kiwanda chake kilikufa zamani, kiweze kubadilishwa na kingine cha duka bila safari ile ndefu. Naona ni jambo la haki. Kumulazimisha mutu kutafuta kipande cha mwaka 1946 kilichochakaa, na kumukataza kipya kilicho bora, hakumulindi mutu yeyote. Lakini njia ile haisemi «usiandike». Kipande kinaingia na karatasi yake.

Tuseme sasa kibali kimepatikana. Kazi bado. Ndege inawekwa juu ya mizani, chini ya kila gurudumu na chini ya mukia, si kwa kujumlisha namba za zamani ambazo hakuna anayejua zilianza wapi. Wenye ndege wengi wanashangaa siku ile: ndege ya kilo 345 inasoma 370, ao zaidi. Hesabu mpya ya uzito inaandikwa, orodha ya vifaa inaandikwa upya, na kama kibali kinasema piloti asipite mwendo fulani ao asibebe muzigo nyuma, kibao kinafungwa mbele ya macho yake, si ndani ya sanduku. Anayeijaribu mara ya kwanza anaruka peke yake, na tangi lisilo zito, katika hewa tulivu. Kisha anaandika alichokiona.

Karatasi moja inabaki kwa mwenye ndege, nyingine inakwenda posta kabla ya saa 48 kwisha.